Andika menajere

Leo ni siku ya sita tangu nitamke neno lile, na bado linanirudia kila ninapofungua kinywa. Nilikwenda komine, ofisi ya manispaa, kuandikisha kifo cha Nkambo, bibi yangu, na karani aliniuliza kwa upole kabisa, kalamu ikiwa tayari: “Kazi ya marehemu?” Nikanyamaza. Alisubiri kidogo, akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, kisha akasema: “Mama, niandike menajere?” yaani mama wa nyumbani. Nami nikajibu: “Andika.”

Tangu hapo tumeondoa matanga, mdogo wangu amejifungua mtoto wa kiume, na shuleni nimehamishwa kutoka darasa la nne hadi la sita. Lakini kila nikijaribu kuyawaza hayo najikuta nimerudi pale dirishani, natafuta jibu jingine. Ningeweza kusema mshonaji. Ningeweza hata kumwomba asubiri. Karani hana lawama, kwa kuwa hakumjua Nkambo. Mimi nililelewa mgongoni mwake.

Neno lenyewe si tusi, ila nalifahamu lilikotoka. Kabla ya 1960, wakati mji huu wa Lubumbashi ulipokuwa ungali ukiitwa Élisabethville, wake wa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, walifundishwa kambini, katika ile nyumba ya akina mama iliyoitwa fwaye, kushona, kupika na kutunza watoto, ili mume akitoka kazini akute nyumba safi. Menajere ndiye aliyekusudiwa kutoka humo. Nkambo alikwenda, akajifunza kukata kola na kutia vifungo, kisha akautumia mkasi kwa mambo ambayo hakuna aliyemtuma. Mtawa alipomwagiza gauni la mtoto, alipeleka gauni lenye mkono mmoja wa kitambaa cha maua na wa pili wa gunia la unga wa posho, lililofuliwa mpaka likalainika. Akaamriwa afumue. Alifumua, akashona upya, na safari hii mikono yote miwili ikawa ya gunia.

Nimecheka peke yangu jikoni nilipofika hapo, na sombe nusura iungue.

Mnajua kwamba wauza vikwembe wetu, yaani vitenge, huvipa vitambaa majina, kama kile cha ndege na tundu wanachokiita “Ukitoka natoka”. Nkambo hakutosheka na majina ya soko, naye alikibatiza kila kilichotoka mashinini mwake. Sketi moja ya shangazi iliitwa “Shemeji Hajalipa”, na lile blanketi la vipande ambalo sisi sote tulililalia kwa zamu lilikuwa “Bukari ya Jana”, yaani ugali wa jana, kwa sababu, alisema, halikosi mlaji. Baba alipoacha kazi mwaka 2003, katika ile hesabu ya wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa migodi waliopewa fedha mara moja na kuagwa, mashini hiyo ndiyo iliyotulipia shule, nasi tulikuwa watano.

Hata hivyo, kisa ninachokipenda zaidi ni kile cha mkataba wa sare za shule, ambao mama alinisimulia tena usiku wa matanga. Siku hizo mke hakuweza kufunga mkataba bila ruhusa ya mumewe (sheria ilikuja kurekebishwa 2016 tu), kwa hiyo karatasi ziliandikwa kwa jina la Nkambo mwanaume, ambaye hakujua hata kutunga uzi katika sindano. Mzee alitia sahihi kwa madaha, mbele ya watu, akaweka kalamu chini. Nkambo, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akamsogezea kitambaa: “Sasa shona.”

Jumatatu nilikuwa nimepanga kurudi komine kuomba neno lile libadilishwe. Sitakwenda. Nkambo mwenyewe, angeipata karatasi ile, angeigeuza upande usioandikwa na kuchora kiolezo cha kola. Nimeikunja na kuitia katika droo ya mashini, pamoja na vifungo visivyo na wenzao.

Kinachoninyima usingizi sasa ni Yaya, kaka yangu mkubwa. Alipaswa kuvuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na lori lake Jumatano, na tangu Alhamisi simu yake inaita bila kupokelewa. Mke wake anasema ni foleni ya malori tu. Nimempigia tena sasa hivi, imeita mpaka ikakatika.