Kula kwa chelo

Watu wakisikia napiga chelo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa, huuliza, "Na kazi je?" Kazi ndiyo hiyo, jamani! Ila Nairobi hii usitegemee okestra ikupe mshahara wa mwezi. Nairobi Orchestra ipo tangu 1947, na wapigaji wake wengi wana riziki zao kwingine.

Yangu iko kwenye masomo ya watoto na harusi. Jumamosi utanikuta mtaa wa Karen, bibi harusi amechelewa, jua linachoma, nyuzi zinalegea nami nazikaza huku nikitabasamu. Kuna waliolipa nusu, iliyobaki "tutatuma M-Pesa." Hadi leo kimya.

Na matatu! Kondakta hudai chelo ilipe kiti chake. Nalipa bila kubishana, afadhali hivyo kuliko kuilaza kwenye buti chini ya magunia ya viazi.

Wanaonipa raha ni vijana waliotokea Ghetto Classics ya mtaa wa Korogocho, mradi wa kufundisha vijana muziki ulioanza 2008. Baadhi yao sasa wanafundisha wenzao. Nikikosa mtu wa fidla ya pili, huko ndiko ninakopiga simu kwanza, na kwa kusoma noti za muziki papo hapo wananishinda.