Linalala au lililala?

Jumamosi, usiku

Nimerudi kutoka kwa mama mshauri saa tisa, nikalala mpaka magharibi. Kikao kimoja hunichosha kuliko kutwa ya kulima.

Mnaonisoma tangu zamani mnajua habari za sonona yangu. Ambacho sijawahi kukiandika ni basi. Mwaka 2011 nilitoka Tanga kwenda Dar. Muheza tukanunua machungwa dirishani, kama kila abiria wa njia ile. Mama aliyeketi kando yangu akamenya lake, akanikatia kipande. Nilikuwa nacho mkononi tulipopita Segera. Basi lilipinduka mbele kidogo. Yule mama hakutoka.

Kwa miaka hakuna aliyeliunganisha basi na maradhi yangu, hata mimi mwenyewe. Nilikuwa sili, silali, nashinda kitandani nimegeukia ukuta. Bibi alinisomea dua, akaninywesha kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Hospitali nilipewa vidonge. Simlaumu mtu: kombe lilinituliza kwa kuwa lilitoka mkononi mwa bibi, na vidonge vilinirudishia usingizi (bado nameza, msije mkaacha vyenu kwa sababu yangu). Lakini ganda la chungwa sokoni lilitosha kuniangusha. Sikuwa nalikumbuka basi, nilikuwa ndani yake.

Mama mshauri alinieleza kuna kumbukumbu ya moto na ya baridi. Ya moto ni harufu, kishindo, moyo kwenda mbio. Ya baridi ni wapi, lini, nani alikuwepo, nini kilifuata. Mtu akipatwa na kiwewe, ile ya moto huwaka peke yake, na mwili haujui kuwa jambo limekwisha. Kazi ya tiba ni kuzishona pamoja. Njia anayoitumia ilibuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, ikajaribiwa Uganda kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia kule Nakivale. Washauri walikuwa wakimbizi wenzao, waliofunzwa kwa wiki chache tu. Hilo lilinipa moyo kuliko vyeti vyote alivyotundika ukutani.

Siku ya kwanza alitandaza kamba sakafuni. Kamba ya katani! Mimi mtoto wa Tanga, nikacheka. Ndiyo maisha yako, akasema, tangu kuzaliwa. Weka ua penye jema, jiwe penye baya. Nilidhani nitakosa maua; yakafika saba. Jiwe la basi nililiweka nikiwa nimefumba macho. Mwisho wa kamba ulibaki umeviringwa, hakunieleza mara moja kwa nini.

Tangu hapo nasimulia, kuanzia utotoni, tukio kwa tukio, naye anaandika. Leo tumefika kwenye lile jiwe.

"Basi linalala ubavu," nikaanza. "Nasikia vioo. Nashika chungwa."

"Linalala au lililala?"

Nilikasirika. Nilidhani ananisahihisha kama mwalimu wa sarufi.

"Sasa hivi unashika nini?" akauliza.

Nikatazama. Mkono wa kiti.

"Na wakati ule ulishika nini?"

Nikalia, sana, na hakuninyamazisha. Hakusema pole yamekwisha, hakukimbilia maji. Alingoja, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Ikawaje?"

Ikawaje! Kwangu mimi hadithi ilikuwa inaishia kwenye chungwa, kila mara, miaka yote. Nikakaa kimya kitambo. Halafu yakaanza kuja na ka zake, moja likiburuta jingine: nikavutwa dirishani na mwanamume nisiyemjua, nikakalishwa kwenye majani, akaja dada mmoja wa kijijini, akanifunika kanga, akanipa maji kwa kata. Kulikuwa na mbaamwezi. Sikujua kama ninayo haya. Yule mama bado amekufa, na kipande chake bado nilikuwa nacho. Hayo hayakuondoka, wala mshauri hakujaribu kuyaondoa.

Kabla sijatoka alinisomea alichoandika, taratibu, jina langu na mwaka 2011 vikiwa juu ya ukurasa. Nilisikiliza kama vile ni habari za jirani. Akafika kwa dada wa kijijini, akasoma: kanga nyekundu.

"Hapana mama," nikamwambia, "ilikuwa ya kijani."

Akafuta, akaandika kijani.