Ushuhuda Usioishia kwa Ushindi

Masomo: Luka 16:27-31, Ayubu 2:11-13, Zaburi 88

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimesoma kitabu cha Elie Wiesel kiitwacho La Nuit, yaani Usiku, kilichotoka Ufaransa mwaka 1958. Ni chembamba, lakini sikuweza kukisoma kwa mkupuo. Wiesel alikuwa Myahudi wa Sighet, mji ambao leo uko Romania na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ulikuwa chini ya Hungaria. Mei 1944, akiwa na miaka 15, yeye na jamaa zake walishindiliwa katika behewa la kusafirishia ng'ombe wakapelekwa Auschwitz, kambi ambamo utawala wa Nazi wa Ujerumani uliwaua Wayahudi. Walipofika, wanaume waliamriwa kwenda upande mmoja na wanawake upande mwingine. Hakumwona tena mama yake, wala Tzipora, mdogo wake wa mwisho.

Lakini aliyenikaa moyoni zaidi ni Moshe, maskini aliyehudumu katika nyumba ya sala pale Sighet na kumfundisha Elie mambo ya Mungu. Moshe alikuwa mgeni, na Wayahudi wageni ndio waliofukuzwa kwanza. Walipakiwa kwenye treni, wakavushwa mpaka, wakachimbishwa mashimo msituni, kisha wakapigwa risasi. Yeye alipigwa mguuni, wauaji wakadhani amekufa. Akarudi Sighet. Akapita nyumba kwa nyumba akisimulia aliyoyaona, hata habari za watoto wachanga. Watu wakasema anatafuta kuhurumiwa. Wengine wakasema amerukwa na akili. Mwishowe akanyamaza.

Mnamo Machi 19, 1944 majeshi ya Ujerumani yaliingia Hungaria. Kati ya katikati ya Mei na mapema Julai, Wayahudi wapatao 440,000 walisafirishwa kutoka nchi hiyo, wengi wao hadi Auschwitz.

Tajiri wa Luka 16, akiwa katika mateso, aliomba Lazaro atumwe akawaonye ndugu zake watano. Akajibiwa: "Wasipowasikia Musa na manabii, hawatashawishwa hata mtu akifufuka katika wafu." Siwalaumu watu wa Sighet. Nani angeamini jambo kama lile? Ninalolisema ni kwamba Moshe alitoka kaburini kweli, na neno lake likawa mzigo kwa waliolisikia. Tena tusisahau kwamba askari waliowaswaga Wayahudi hadi kwenye treni walikuwa wa Hungaria, nchi ya watu waliobatizwa, yenye makanisa na kengele za Jumapili. Jambo hili linatuhusu sisi tunaolitaja jina la Kristo, na linapaswa kutuuma.

Sisi tunapenda ushuhuda, na ni vema. Ila ushuhuda wetu una njia yake: nilikuwa mgonjwa, Bwana akaniponya, nilikosa ada ya mtoto, Bwana akafungua mlango, kanisa zima, haleluya. Sasa mweke Wiesel mbele ya kipaza sauti. Alilelewa katika sala na mafundisho, lakini kambini alikataa kufunga siku ya Yom Kipuri, yaani Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, kama namna ya kumpinga Mungu aliyenyamaza. Anaandika pia habari za baba yake, aliyekuwa mahututi kambini Buchenwald, Januari 1945. Mzee alimwita mwanawe, na mwana, kwa kuogopa kipigo, hakuitika. Asubuhi alikuta kitanda kina mgonjwa mwingine. Wiesel angeweza kutuficha hilo, maana hakukuwa na wa kumshtaki. Amelisema. Haleluya yetu tungeiweka wapi hapo?

Na watu kama hao tunao. Wapo ndugu zetu walionusurika Rwanda mwaka 1994, ambako huko Ntarama na Nyamata watu waliokimbilia kanisani waliuawa humo humo kanisani. Wapo waliotoka mashariki ya Kongo. Yupo dada anayekaa benchi la nyuma, aliyewahi kuanza kusimulia, tukamkatiza: "Mshukuru Mungu uko hai." Tukampigia pambio, akakaa. Kwa maneno mazuri kabisa, tulimfanyia yale aliyofanyiwa Moshe.

Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba usiku na mchana, pasipo kumwambia neno. Naona hizo ndizo siku walizofanya kazi yao vizuri. Walipoanza kueleza kwa nini mateso yamempata ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalama. Zaburi 88 nayo inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani. Hakuna mstari wa sifa ulioongezwa mwishoni ili tupate nafuu, na Roho Mtakatifu ameiacha hivyo katika Biblia yetu. Kwa hiyo mtu anayemlilia Mungu kwa uchungu, hata anayemkasirikia, bado yuko mahali ambapo Maandiko yanamjua.

Katika ibada za nyumbani wiki hii tuisome Zaburi hiyo yote kwa sauti, kisha tusikimbilie wimbo. Akiwapo mwenye neno zito, asimulie mpaka amalize mwenyewe.

Tuombe. Ee Bwana, Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wakumbuke watu wako waliouawa Auschwitz na katika mashimo ya misituni, ambao majina yao wewe unayajua. Utusamehe sisi tulio wako kwa chuki iliyohubiriwa juu yao kwa jina lako. Utupe masikio ya kuwasikia waliorudi. Amina.