Siku moja maishani mwangu: mtunza buibui wa Uyole

Saa 11:30 alfajiri. Baridi ya Uyole, hapa Mbeya, mwezi wa 7 haina adabu. Umeme umekatika tangu usiku, kwa hiyo kabla sijanawa uso vizuri niko njiani kwenda kwa Mwalimu, na nikifika nabandika maji. Madumu manne ya maji moto nayaviringisha blanketi na kuyapanga chini ya rafu za buibui, wapate joto. Jiko la mkaa haliingii chumba kile hata siku moja. Hewa yake inaua watu.

Natunza tarantula 14, wale buibui wakubwa wenye manyoya, wa mwalimu mstaafu wa baiolojia. Ana vibali vyake, na shule huleta wanafunzi kuwaona. Mtaani wanasema nafuga majini. Mama mkwe wangu alikaa miezi mitatu bila kunywa chai niliyoipika mimi.

Saa 2. Mende. Ndiyo, na mende nafuga, ndoo nzima yenye trei za mayai ndani, maana ndio chakula cha buibui. Wanakula pumba na karoti za bustani ya Mwalimu, si za sokoni. Dawa ya shambani ikiingia kwa mende, kwa buibui imeshafika.

Saa 3 nakagua. Sifungui kifuniko mpaka nimemwona mwenyewe alipo. Kazi yote inafanyika sakafuni, sanduku likiwa ndani ya beseni kubwa, kwa sababu buibui mnene akianguka kutoka mezani tumbo linapasuka. Nina koleo refu lenye ncha za mpira, kopo angavu la kumfunikia, na kipande cha kadi ngumu cha kupitisha chini yake. Mkono wangu hauingii mle. Miaka minne sijaumwa, na sijawahi kumshika hata mmoja. Watu wakisikia hilo wanaona kama nimewadanganya.

Leo Shangazi, yule mkubwa wa kahawia, amelala chali juu ya utando wake. Nikabandika karatasi nyekundu: USIGUSE.

Saa 4 wakaja wanafunzi 22 wa kidato cha tatu, watoto wazuri, maswali mazuri. Tatizo lilikuwa kijana waliyekuja naye kupiga video.

Alianza na Pilipili. Huyu ni wa rangi ya chungwa, Pterinochilus murinus kwa jina la kisayansi alilopewa mwaka 1897, na wafugaji wa ng'ambo wanamjua kwa jina la Usambara. Ni wetu kabisa. Tarantula wengi wa mabara ya Amerika hujitetea kwa kupeperusha manyoya yanayowasha, na yakiingia jichoni ni hospitali. Wa Afrika hawana manyoya hayo, wamebaki na meno na mbio. Kijana akawasha taa ya kamera, akagonga sanduku kwa kucha. Pilipili akainua miguu ya mbele, akaachama, meno meusi nje.

"Dada, mtoe. Aje mkononi."

"Hatoki, kaka."

"Mkononi mwako basi. Wewe si amekuzoea?"

Nikamweleza kwamba buibui hamzoei mtu. Hanijui mimi wala wewe, anajua tetemeko na kivuli. Nikamweleza kuhusu kidole cha Mwalimu kilichoumwa. Sumu ya hawa haijulikani kuua mtu, lakini Mwalimu alivimba, na misuli ikawa inambana na kumwachia kwa siku kadhaa. Akacheka. Akatoa elfu ishirini, akaiweka juu ya sanduku kama anayelipa nauli. Kwa elfu ishirini mwanangu anapata viatu vya shule, na sitasema sikuifikiria. Nikamrudishia. Akaomba basi nimpulizie tu, "achangamke". Pumzi inawakasirisha sana. Nikakataa. Akasema huduma yetu mbovu. Nikanyamaza, nikageuka kumjibu mwanafunzi mmoja.

Nyuma yangu nikasikia: "Huyu mbona amekufa?"

Alikuwa amelinyanyua sanduku la Shangazi. Karatasi nyekundu ikiwa chini ya kidole gumba chake, analitikisa aone kama kuna uhai.

Sikupiga kelele, maana watoto walikuwepo. Nilimpokonya kwa mikono miwili, taratibu, kama sufuria ya uji wa moto. Buibui aliyekufa kwa kawaida hujikunja miguu chini ya mwili. Anayelala chali hivi anajivua gamba, na hapa nasema gamba lenyewe, si ile kaulimbiu ya CCM ya 2011 ya "kujivua gamba". Wakati huo mwili wote ni laini, hata meno ni meupe, na mende mmoja mwenye njaa anaweza kumtafuna. Kijana akasema, "Sasa ningejuaje?" Nikamwonyesha karatasi.

Waliondoka kama saa 7 hivi. Sikula. Pilipili naye ilibidi ahamishwe, sanduku lake limeota ukungu, na nilipomsukuma kwa brashi akapanda koleo mbio kuelekea mkononi. Kukurupuka ndiko kunakoponza. Nililaza koleo ndani ya beseni, nikaondoa mkono, nikasubiri. Akatulia pembeni. Kopo, kadi, basi. Jasho lilinitoka na baridi ile ile.

Mchana wote uliobaki nilikuwa nikirudi kwa Shangazi. Kifuniko cha kifua kilikuwa kimeshafunguka, miguu inatoka polepole kama ya mtoto anayevuliwa soksi zilizolowa. Mitano, sita, saba. Wa nane ulikuwa bado nilipofunga mlango, giza limeshaingia.

Saa 3 usiku simu ikaita.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mguu wa nyuma bado umekwama."

"Usiuvute. Utabaki nao mkononi."

"Sijauvuta." Akakohoa. "Nimekaa naye tu."

Nikamwambia avae koti.