OSPF iliyokwama EXSTART kati ya Himbi na Katindo: jinsi nilivyotatua

Ndugu wa Goma, OSPF ni itifaki ambayo ruta hutumia kupeana njia za mtandao. Ping ilipita vizuri kati ya ruta mbili, za mitaa ya Himbi na Katindo, ila «show ip ospf neighbor» ilibaki EXSTART, hatua ambapo ruta ndiyo kwanza zinaanza kukubaliana kubadilishana taarifa. Nilizima na kuwasha, nikalinganisha namba ya eneo la OSPF (area) na muda wa Hello, pakiti za kusalimiana kati ya ruta: bure.

Dawa ilikuwa MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti, unaoruhusiwa kupita. Upande mmoja 1500, upande wa redio 1400. Hello ni pakiti ndogo, inapita tu; lakini pakiti ya DBD (muhtasari wa taarifa ambazo ruta inazo) hubeba thamani ya MTU, na ikizidi ile ya jirani, jirani anaikataa. Niliweka 1400 pande zote, kisha «clear ip ospf process», FULL (ujirani uliokamilika) ikatokea.

Wengine hutumia «ip ospf mtu-ignore», amri ya kupuuza tofauti ya MTU. Mimi siishauri: ujirani unasimama, lakini pakiti kubwa zinaweza kupotea njiani. Mwisho angalia «show ip route ospf», njia zenye herufi O ziwepo.