Kifuko cha chumvi kinaisha siku ya ngapi?

Ukifungua kifuko cha chumvi cha gramu 500, kiandike tarehe kwa kalamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Watu wazima watano wanapaswa kufika nacho siku ya 20. Kikiisha siku ya 10, mnakula karibu mara mbili, na hapo hujahesabu mkate, chipsi za jioni wala ile chumvi ya kuchovyea nyama mnadani Msalato, hapa Dodoma. Sisi wa mlenda tuna la ziada: magadi nayo yana sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha. Sufuria iliyotiwa magadi ipunguziwe chumvi, ladha itafutwe kwenye karanga na nyanya.

Lakini chumvi haiendi peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Harvard, Marekani, walitoa hesabu ya watu waliofuatiliwa hadi miaka 34. Walitazama mambo matano: kutovuta sigara, uzito wa wastani, mazoezi ya dakika 30 kila siku, mlo mzuri na pombe kidogo. Kuanzia umri wa miaka 50, wanawake wenye yote matano walikadiriwa kuishi miaka 14 zaidi ya wasio na hata moja; wanaume, miaka 12. Hilo la pombe msilishike kama ruhusa, ndugu zangu wa mvinyo wa Dodoma. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango kisicho na madhara. Zabibu tuzile tu.

Tabia hizi huvutana. Ukilala saa nane usiku, homoni ya njaa hupanda, kesho yake unatamani sukari na mafuta, mchana umechoka, jioni unapanda bodaboda kwa safari ya dakika kumi. Ndiyo maana anayeanza na mlo tu huku halali, mara nyingi huishia njiani. Mimi ningeanza na usingizi, wa muda wa saa saba angalau.

Kosa jingine ni kujilipa. Umetembea nusu saa, unafungua soda ya mililita 350: ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, na nguvu zake zinakaribia zote ulizotumia barabarani. Kunywa maji. Kwa jua la hapa, tembea kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, na ukizigawa kumi kumi zinahesabika.

Kujua kama mambo yanakwenda, pima presha, ila uipime sawasawa. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo, kisha kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne. Mkono uwe mezani usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Usiongee. Pima mara mbili, ukipisha dakika moja. Ikirudia 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, nenda kituo cha afya, hata kama hausikii kitu. Presha nyingi haziumi.