Kutafuta Jua Nairobi

Treni ya mchana kutoka Miritini, Mombasa, ilinishusha Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, usiku. Mkononi nilikuwa na kapu: mikate ya mofa, achari ya ndimu na kanga mpya za mwana. Mdogo wangu alikuwa amejifungua wiki tatu nyuma, mtoto wake wa kwanza. Mama magoti hayamruhusu tena kusafiri, basi kazi ya kumkanda mzazi na kumalizia naye arobaini ikaniangukia mimi.

Nilibadilisha gari Cabanas. Juu yetu ilipita ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, magari yakienda mbio. Sisi wa chini tulikaa kwenye foleni hadi shingo zikauma. Konda akawa anaita, "Taji! Wa Taji wakaribie mlango!" Jumba lenye jina hilo lilibomolewa mwaka 2018, lakini kituo bado ni Taji, na kutoka hapo Pipeline, mtaa anaokaa mdogo wangu, unafika kwa miguu.

Usiku Pipeline inapendeza, lazima niseme hivyo. Majumba ya ghorofa saba na nane yamesimama bega kwa bega, kila dirisha lina taa, na chini yake kuna viazi vinavyokaangwa, mitumba, kinyozi, na watu wanaorudi kutoka viwandani. Mdogo wangu alinipokea kwenye ngazi, mtoto kifuani. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, tukalala.

Asubuhi niliamka nikadhani bado ni usiku. Nikaangalia simu: saa mbili na robo. Nikafungua pazia. Mbele yangu ulikuwa ukuta wa ploti ya jirani, yaani jumba jingine la kupangisha, karibu hivi kwamba ningenyoosha ufagio ningeugusa, na katikati pengo jembamba la kupitisha hewa na sauti za watu. "Dada, washa taa tu," mdogo wangu akaniambia. Taa huwaka mchana kutwa, kwa hiyo tokeni za stima zinazomtosha mwezi jirani wa ghorofa ya juu, yeye humwishia mapema. Chumba kiko ghorofa ya pili. Hapo jua haliingii mwaka mzima.

Mdogo wangu alinieleza jinsi ploti zinavyojengwa. Kiwanja ni kidogo, na mwenye nacho anakijaza ukingo hadi ukingo, kwa sababu kila futi anayoiacha wazi ni kodi aliyoitupa. Jirani naye hufanya vivyo hivyo. Vyumba hupangwa kuuzunguka uwazi mdogo wa katikati, choo cha ghorofa nzima huwekwa mwisho wa ukumbi, na lifti hakuna. Kwetu Mombasa hata nyumba duni ya Kiswahili ina ua nyuma na baraza mbele, mtu akatoka akaota jua akiwa na kikombe chake cha chai. Hapa ukumbi wenye giza ndio baraza. Watoto hucheza mpira humo, na kila mara mpira unagonga mlango wa mtu.

Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia mdogo wangu amwoteshe mtoto jua la asubuhi kila siku, mifupa ishike. Ni agizo jepesi sana, hata bei halina. Kwa mtu wa ghorofa ya pili Pipeline, maana yake ni kupanda hadi kwenye paa, ambako keateka, mwangalizi wa ploti, hufungua mlango saa mbili asubuhi, kwa sababu ya wezi wa nguo.

Basi tukawa tunapanda. Mimi nambeba mtoto, yeye anashika ukuta, maana mshono wake haujakauka sawasawa. Kila ghorofa tunapishana na watu na mitungi ya lita 20. Maji ya mfereji yalikuja mara mbili tu katika siku kumi za kwanza, na yalikuja usiku, watu wakaamshana milango yote. Siku nyingine ni mkokoteni, kisha mabega ya mtu hadi juu. Nilimwona bibi mmoja ameketi kwenye ngazi ya tano, mtungi kando yake, akihema. Tukampokea, tukampandishia. Hakuwa na nguvu ya kusema asante, alinishika tu mkono.

Paani kulikuwa na akina mama wengine watatu, wote na vichanga, wamekaa chini ya kamba za nguo. Jua lilikuwa limejaa tele. Tukamvua mtoto, tukamlaza kwenye kanga, akapiga mateke. Nilifurahi mno siku hiyo. Kisha nikaona upande wa mashariki mafundi wakipanga mawe: ploti ya jirani ilikuwa inaongezwa ghorofa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi. Anaishi Kilimani, kwenye fleti yake mwenyewe, na mwaka 2011 nilikaa kwake mwezi mzima. Baraza yake ya juu ilitazama jakaranda na paa la vigae la nyumba moja ya zamani yenye bustani. Asubuhi jua lilipiga hapo hadi tukahamisha viti. Nikamwambia mdogo wangu, twende ukamalizie arobaini kule. Nikatangulia peke yangu kuomba, maana jambo kama hilo halisemwi kwa simu.

Nilipanda gari hadi mjini, kisha 46 ya kwenda Kawangware. Kutoka Hurlingham hadi Yaya niliacha kuhesabu mashine za kupandishia zege. Kila kiwanja cha pili kimezungushiwa mabati, na juu ya mabati kuna picha ya fleti ambazo hazijajengwa na nambari ya simu ya kununulia. Kando ya malori, akina mama wa chakula wanawauzia watu wa mjengo chapati na maharage. Hao nafurahi wanapata riziki. Njia ya miguu ilikuwa imechimbwa, sote tukatembea barabarani katikati ya magari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Usijali giza."

Nilienda moja kwa moja kwenye baraza. Jakaranda haipo. Ile nyumba ya vigae haipo. Mahali pake pamesimama jengo refu ambalo nililazimika kuinamisha kichwa nyuma kuona mwisho wake, na mbele yangu kabisa kijana mmoja alikuwa anakoroga chai jikoni kwake. Tuliangaliana, sote tukaona haya. Vyungu vya waridi vya shangazi vilikuwa vitupu.

"Wenye nyumba walikufa, watoto wakauza," akasema. "Tuliandika barua, wakazi wote tukatia sahihi. Jua langu limeuzwa, mwanangu, na mimi sikuulizwa."

Nilipofungua mfereji kunawa, ulikohoa. Wananunua maji ya boza, lori la tangi, akaniambia. Kisima chao cha kuchimba kimepungua tangu majirani wachimbe vyao, na maji yenyewe yana madini ya floridi, hawayatumii kwa chai. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililojengwa wakati mji huu ulikuwa na watu chini ya nusu ya waliopo leo. Sensa ya 1999 ilihesabu watu milioni 2.1. Ya 2019 ikahesabu milioni 4.4. Watu hawa lazima walale mahali, na mimi sina ugomvi na ghorofa. Uchungu wangu ni kwamba aliyejenga anaondoka na kodi yake, halafu maji, majitaka, njia na mwanga vinaachiwa watu wang'ang'anie.

Shangazi hata hivyo alisema tuje. "Jua sina, nafasi ninayo." Tulifikiria sana. Mwishowe mdogo wangu akaamua kubaki Pipeline, kwa sababu ya paa.

Usiku mmoja ilinyesha mvua kubwa, na mama akapiga simu saa nane. Hupiga kila mvua inapoanza, tangu jumba lilipoanguka mtaa wa Huruma tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wasiopungua 49. Mwaka 2019 jingine likaanguka Tassia, hapo jirani. "Nyufa mmeangalia?" akauliza. Nikamulika kuta zote nne kwa simu, pole pole, yeye akisubiri kwenye laini, hadi nikamwambia hakuna.

Siku ya kwanza tulipopanda paani, jua tulilikuta limefika tayari. Wiki iliyofuata tukawa tunalingoja hadi saa tatu kasorobo, tukisogeza kanga kulifuata. Fundi mmoja wa upande wa pili alituona, akauliza mtoto ana siku ngapi. Nikamjibu thelathini na tano. "Mungu amkuze," akasema, akachukua jiwe jingine, akalipanga. Asubuhi ya arobaini jua lilitufikia saa tatu na robo.